Mayai kumi si watoto kumi: mwongozo wa IVF hatua kwa hatua

Simu iliyo ngumu kwangu kuliko zote ni ile ya asubuhi inayofuata siku ya kutoa mayai. Jana mama ameondoka kliniki akiwa ameambiwa mayai kumi. Usiku kucha yeye na mumewe wamehesabu hayo kumi, wamegawana hadi majina. Leo namwambia yaliyorutubishwa ni sita. Panakuwa kimya, kisha linakuja swali ninalolijua kabla halijaulizwa: "Nimekosea wapi, nesi?"

Hajakosea popote. Idadi hupungua katika kila hatua ya IVF, yaani kurutubisha mayai maabara, na hupungua vilevile ndani ya mwili wa mwanamke anayeshika mimba chumbani kwake, ila yule hakuna anayemhesabia. Sisi tunahesabu, tunapiga simu, na hesabu hiyo huumiza mtu asiyeandaliwa. Ndiyo sababu nimekaa kuandika haya: uijue kila hatua kabla hujaifikia, na ujue ni nini kilicho mikononi mwako na nini hakipo.

IVF ni kulikutanisha yai la mama na mbegu ya baba maabara badala ya kwenye mrija wa uzazi. Yai likirutubishwa hugawanyika na kuwa kiinitete, yaani mimba changa kabisa ya siku chache, na kiinitete hicho ndicho hupandikizwa kwenye mji wa mimba. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mama yake mirija ilikuwa imeziba, tatizo lile lile linalowaleta wengi wa mama zetu. Watu waliofanikisha walikuwa watatu: Robert Edwards mtafiti, Patrick Steptoe daktari, na Jean Purdy, muuguzi aliyeshika maabara na ambaye ndiye wa kwanza kukiona kiinitete kile kikigawanyika. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010, wenzake wawili wakiwa wameshafariki. Jina la Purdy liliachwa nje kwa miaka mingi, nami kama muuguzi kila ninapopata nafasi nalitaja. Kwetu huku, Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2004, Kenya mwaka 2006.

Hatua ya kwanza: baba apime kwanza

Nimeona mama aliyepigwa picha ya mirija mara mbili, akasafishwa kizazi, akanywa dawa za kila rangi kwa miaka minne, na mumewe hajawahi kutoa mbegu zake zipimwe hata siku moja. Walipopima, tatizo lilikuwa kwa baba. Miaka minne ya mwanamke imepotea, na mayai hayarudi nyuma. Lugha yetu yenyewe imechangia: tunasema "fulani hazai" na kila mtu anamtazama mke. Ukweli ni kwamba karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, upande wa mwanaume una mchango, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Kupima mbegu ni rahisi, hakuumi, na bei yake haifikii hata robo ya vipimo tunavyomfanyia mama.

Baba akae siku mbili hadi saba bila kutoa mbegu, kisha azitoe kwenye kikopo safi cha maabara. Asitumie mafuta, sabuni wala mate, kwani vyote hivyo vinadhuru mbegu. Viwango vya chini ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2021 ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na angalau 42 kati ya 100 ziwe zinacheza. Majibu yakiwa mabaya, msikate tamaa na msiamini kipimo kimoja. Rudieni baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu mbegu inayotoka leo ilianza kutengenezwa zaidi ya miezi miwili iliyopita. Homa kali ya mwezi jana inaonekana kwenye majibu ya mwezi huu. Na hata kikopo kikisoma sifuri kabisa, kuna wanaume ambao mbegu zao zipo kwenye korodani ila njia imeziba, na daktari anaweza kuzitoa kwa sindano.

Kwa mama, vipimo vikuu ni hivi. Damu ya kupima homoni ya AMH, ambayo inakadiria akiba ya mayai iliyobaki. Ultrasaundi ya ukeni siku ya pili au ya tatu ya hedhi, ili kuhesabu vifuko vidogo vya mayai kwenye ovari. Picha ya mirija, ambapo dawa maalumu hupitishwa kwenye mlango wa kizazi na mwendo wake kuonekana kwa eksirei. Uchunguzi wa ndani ya mji wa mimba kutafuta uvimbe au makovu. Na wote wawili hupimwa VVU, homa ya ini na kaswende. Kuwa na VVU hakufungi mlango: mgonjwa anayetumia dawa vizuri anahudumiwa, ila kliniki lazima ijue mapema ili maabara ijipange.

Jambo moja la kulisisitiza. Ikiwa picha imeonyesha mrija umevimba na kujaa maji, usikubali kupandikizwa kabla haujashughulikiwa. Maji yale huvuja kurudi kwenye mji wa mimba na hupunguza nafasi ya mimba kushika karibu nusu. Kuutoa au kuufunga mrija huo kwanza ni upasuaji mdogo. Mama akisikia "mrija utolewe" anashtuka, anaona ndiyo mwisho wa kuzaa. Lakini IVF haihitaji mrija hata mmoja.

Na si kila mwenye shida anahitaji IVF. Mama ambaye hedhi hupotea miezi kwa sababu mayai hayapevuki mara nyingi husaidiwa kwa vidonge vya siku tano tu. Daktari akikurukisha moja kwa moja hadi IVF bila kukueleza kwa nini njia nyepesi haikufai, tafuta maoni ya daktari wa pili.

Kuhusu umri nitasema wazi, kwa sababu kuficha hakumsaidii mtu. Uingereza sheria inazilazimisha kliniki kupeleka takwimu zao serikalini, hivyo namba zao zinaaminika. Kwa mwanamke wa chini ya miaka 35, takriban kiinitete kimoja kati ya vitatu vinavyopandikizwa huleta mtoto. Akifika miaka 43 au 44, kwa mayai yake mwenyewe, ni kama vitano kati ya 100. Ukiwa na miaka 35 au zaidi na mmejaribu miezi sita bila mafanikio, nendeni sasa. Chini ya umri huo, subirini mwaka mmoja.

Hatua ya pili: mazungumzo ya nyumbani

Kabla ya pesa, zungumzeni imani. Waislamu wengi wanaofika kwetu huuliza kama ni halali. Tangu mwaka 1980, kwa fatwa ya Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Jad al-Haqq, wanazuoni wengi wa Sunni wameiruhusu ikiwa yai na mbegu ni vya mume na mke walio kwenye ndoa, bila mtu wa tatu. Kanisa Katoliki, kwa waraka wake wa 1987, halikubaliani na njia hii. Wakatoliki wengi hufika hata hivyo, wengine kwa machozi. Kazi yangu si kuwaamulia. Ninachoomba ni kwamba msilijadili suala hili kwa mara ya kwanza siku ambayo viinitete viko tayari. Ulizaneni mapema: vikibaki vya ziada, tutavigandisha? Mmoja wetu akifariki, viwe vya nani? Kliniki itawapa fomu yenye maswali haya haya, na saini zenu zina uzito.

Halafu pesa. Kenya mzunguko mmoja wa IVF, yaani jaribio moja zima, ni laki kadhaa, Tanzania ni mamilioni ya shilingi, na bima nyingi hazigusi. Usiulize "IVF ni bei gani?" kwa sababu utatajiwa bei ya ndani ya chumba cha upasuaji tu. Uliza: je, dawa za sindano zimo? Kuingiza mbegu kwenye yai kwa sindano kumo? Kugandisha, na kodi ya kutunza kila mwaka? Kupandikiza kiinitete kilichogandishwa baadaye ni kiasi gani? Uliza pia, kwa wanawake wa umri wangu, ni wangapi wametoka hapa wakiwa na *mtoto*, maana kipimo chanya na mtoto mikononi ni vitu viwili. Msiuze kiwanja cha mwisho kwa ajili ya mzunguko wa kwanza. Nimewaona wazazi wenye viinitete vizuri viwili kwenye mtungi wa baridi, na hawana nauli ya kurudi kuvipandikiza.

Miezi mitatu kabla ya kuanza: mama ameze foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, wote waache sigara, pombe na mirungi, na dawa za mitishamba ziwekwe kando au angalau zitajwe kwa daktari. Hatutakukaripia. Tunachohitaji ni kujua kilichomo mwilini mwako.

Hatua ya tatu: sindano za kukuza mayai

Kila mwezi ovari huanza na vifuko vingi lakini kimoja tu hukua hadi kupevuka, vingine hunyauka. Sindano hizi huviokoa vile ambavyo vingenyauka mwezi huo. Kwa hiyo lile neno la mtaani kwamba IVF "inamaliza mayai" halina msingi, kwani tunachukua yale ambayo mwili ungeyapoteza.

Unaanza siku ya pili au ya tatu ya hedhi. Unajidunga mwenyewe tumboni chini ya kitovu, kwenye nyama laini, kwa sindano fupi nyembamba, kila siku saa ile ile, kwa siku 8 hadi 14. Karibu na siku ya tano au ya sita huongezwa sindano ya pili inayozuia mayai yasitoke kabla ya wakati. Katikati ya siku hizo utaitwa kwa ultrasaundi mara tatu au nne.

Dawa nyingi kati ya hizi hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, wala si kwenye friza. Mama anayepanda basi kutoka mkoani aje na kisanduku cha baridi chenye barafu, dawa ikifungwa kwa kitambaa isigusane na barafu moja kwa moja. Umeme ukikatika usiku kucha, usitupe dawa na usiitumie kwa kubahatisha. Piga simu, kwa kuwa baadhi zinavumilia joto la chumbani kwa muda na nyingine hazivumilii.

Tumbo litajaa, utachoka, utalia kwa jambo dogo. Hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni haya: tumbo kuvimba kwa kasi na kuuma, kutapika mfululizo, pumzi kuwa fupi, mkojo kuwa kidogo sana, uzito kupanda kilo moja au zaidi kwa siku. Hizo ni dalili za ovari kuchochewa kupita kiasi, hali ambayo inaweza kuwa hatari na hutokea zaidi *baada* ya mayai kutolewa. Usisubiri asubuhi. Wanawake wenye umri mdogo, na wenye vifuko vingi vidogo kwenye ovari, ndio walio karibu zaidi na hatari hii.

Hatua ya nne: sindano moja yenye saa yake

Vifuko kadhaa vikifika milimita 17 au 18, unapewa sindano ya kupevusha. Hii ndiyo inayoyaambia mayai yamalizie kukomaa na yajiachie kutoka ukutani. Mayai hutolewa saa 34 hadi 36 baadaye. Ukichelewa kujidunga hayajakomaa, ukiwahi yanaweza kuwa yametoka yenyewe na kupotelea tumboni.

Hapa kuna mtego wa kwetu sisi. Karatasi imeandikwa 9:00, na mama akajidunga saa tisa. Nimeshuhudia, na kazi yote ya wiki mbili ikayumba. Kwa hiyo mimi siandiki namba peke yake. Naandika kwa maneno, "Jumatatu saa tatu usiku," kisha namwomba mume aweke kengele kwenye simu yake naye. Ukijidunga Jumatatu saa tatu usiku, mayai yako yatatolewa Jumatano saa tatu asubuhi. Ukiona saa yoyote kwenye karatasi ya kliniki, uliza: ni ya Kiswahili au ya Kizungu?

Hatua ya tano: siku ya kutoa mayai

Hakuna kula wala kunywa kwa muda utakaoelekezwa, kwa kawaida tangu usiku. Na hakuna manukato: si marashi, si udi kwenye nguo, si mafuta yenye harufu. Akina mama wa pwani hili huwapa taabu, maana kwenda mahali muhimu bila kujifukiza ni kama kwenda bila kujipamba. Lakini mvuke wa manukato huingia kwenye hewa ya maabara, na viinitete havina ngozi ya kujikinga. Hina nyeusi kwenye ncha za vidole nayo huzuia kile kifaa cha kupima oksijeni kisome vizuri, hivyo acha angalau kidole kimoja kitupu.

Unapewa dawa ya usingizi mwepesi. Daktari hupitisha sindano ndefu ukeni akiongozwa na ultrasaundi, anachoma kifuko kimoja baada ya kingine na kunyonya maji yake, na mtaalamu wa maabara chumba cha pili anayatafuta mayai ndani ya maji hayo kwa darubini. Ni dakika 15 hadi 30. Hakuna kidonda cha kushonwa. Utakaa saa chache, kisha utarudi nyumbani ukisindikizwa, na maumivu kama ya hedhi siku moja au mbili.

Asubuhi hiyo hiyo baba anatakiwa kutoa mbegu, na wanaume wengi, hata wenye afya kabisa, hushindwa kwa ajili ya mawazo. Sijawahi kumcheka hata mmoja. Mke anaruhusiwa kumsaidia kama hali yake inaruhusu. Aliyeona ugumu huo mapema, au anayefanya kazi Muscat na hana hakika ya ruhusa, aje wiki kadhaa kabla tuzigandishe mbegu zake kama akiba.

Hatua ya sita: siku tano za maabara

Huku ndiko hesabu inakopungua, kwa hiyo nitaenda polepole.

Chukua mayai kumi. Kwanza, si yote yamepevuka. Kwa kawaida manane hivi. Yaliyobaki ni machanga na hayawezi kurutubishwa. Pili, mbegu huwekwa na yai kwa njia mojawapo kati ya mbili. Mbegu zikiwa nzuri, huwekwa maelfu kwa maelfu kwenye kisahani kimoja na yai, na mshindi hujiingiza mwenyewe. Zikiwa dhaifu, mtaalamu huchagua moja, huivunja mkia isitapatape, na kuiingiza ndani ya yai kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Njia hii ya pili ilileta watoto wake wa kwanza Brussels mwaka 1992, na ndiyo iliyowafungulia mlango wanaume ambao zamani waliambiwa basi. Haina faida ya ziada mbegu zikiwa za kawaida, hivyo usiilipie kwa kudhani ni bora zaidi.

Baada ya saa 16 hadi 18 mtaalamu anaangalia. Yai lililorutubishwa sawasawa huonyesha viduara viwili ndani yake, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Kati ya manane, ni matano au sita. Hii ndiyo simu yangu ya asubuhi.

Kisha viinitete hukaa kwenye kabati la joto la nyuzi 37, oksijeni ikiwa chini kuliko ya hewa tunayovuta, giza, bila kuguswaguswa. Siku ya tatu kiinitete kizuri kina seli sita hadi nane. Kufikia hapo kimekuwa kikiishi hasa kwa akiba iliyokuwemo kwenye yai. Baada ya siku ya tatu lazima kianze kutumia urithi wake chenyewe, na vingi husimama hapo, mara nyingi kwa sababu kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, hazikugawanyika sawa. Siku ya tano, kati ya vile sita, viwili au vitatu vimekuwa puto dogo lenye maji ndani: kundi la seli upande mmoja litakalokuwa mtoto, na ukuta wa nje utakaokuwa kondo la nyuma.

Kumi, manane, sita, viwili. Mama wa miaka 40 hesabu yake hushuka kwa kasi zaidi, na wakati mwingine haifiki siku ya tano. Hakuna chakula ulichokula kilichosababisha, wala ule mzigo uliobeba, wala ugomvi na wifi. Naomba ulisome hili mara mbili, na umsomee mama mkwe.

Hatua ya saba: kupandikiza

Kiinitete kinaweza kupandikizwa siku hiyo ya tano, au kikagandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, kusubiri mwezi mwingine. Wengi husikitika wakiambiwa "tunagandisha." Msisikitike. Kwa mbinu za sasa za kugandisha haraka, zaidi ya tisa kati ya kumi huamka salama, na kusubiri ndilo jambo la busara kama ovari zimevimba au utando wa ndani ya mji wa mimba haujawa tayari. Mwezi wa kupandikiza vilivyogandishwa, mara nyingi unameza vidonge vya estrojeni kama wiki mbili hadi utando ufike milimita 7 au zaidi, unaanza projesteroni, homoni inayouandaa utando huo kupokea mimba, na kiinitete cha siku tano kinapandikizwa siku ya sita ya projesteroni. Usiruke hata dozi moja hapo. Utando unafungua mlango kwa siku chache tu.

Kimoja au viwili? Najua hamu ya mapacha, hasa baada ya miaka kumi ya kusubiri na gharama ya mara moja. Lakini mapacha wengi huzaliwa kabla ya wakati, na mama hupata zaidi shinikizo la damu na kutokwa damu. Ukiwa na kiinitete kizuri cha siku ya tano na umri wako ni chini ya miaka 38, chagua kimoja na kingine kigandishwe. Mahali ambapo chumba cha watoto njiti kiko kilomita 200 kutoka kwako, ushauri huu una uzito mara mbili.

Tendo lenyewe ni fupi kuliko hofu yake. Unakuja na kibofu kilichojaa kiasi, kwa sababu mkojo huunyoosha mji wa mimba na kusaidia ultrasaundi ya tumboni kuona. Hakuna usingizi. Jina lako linasomwa na wewe unalithibitisha, mbele ya mtaalamu wa maabara. Usione haya kuomba lisomwe tena. Daktari anapitisha mpira mwembamba laini kwenye mlango wa kizazi, anakiacha kiinitete kwenye tone la maji sentimita moja au mbili kutoka juu ya mji wa mimba, na kwenye skrini unaona nukta nyeupe. Hiyo nukta ni kapovu ka hewa kalikosindikiza, kiinitete chenyewe hakionekani. Dakika tano, kumi. Kisha nenda kakojoe. Hakitadondoka. Kuta za mji wa mimba zimegusana kama viganja vilivyobanwa.

Hatua ya nane: kusubiri

Kulala kitandani wiki mbili hakusaidii, utafiti umelipima hilo na halikuonyesha faida. Pika, nenda kazini, tembea. Epuka kazi nzito sana, na kuhusu tendo la ndoa fuata maelekezo ya kliniki yako. Nanasi, supu ya pweza na vinginevyo unavyosoma mtandaoni, kula kama unavipenda. Kitu kimoja tu usikiache: projesteroni, ya kuweka ukeni au ya sindano. Hata ukiona matone ya damu usiache kwa uamuzi wako, kwani matone hutokea pia kwa mimba iliyoshika. Mama anayeacha dawa kwa kudhani hedhi imekuja anaweza kuikatiza mimba yake mwenyewe.

Usipime mkojo siku ya nne. Ukiwa umepandikizwa mzunguko ule ule wa sindano, homoni ya sindano ya kupevusha inaweza kuwa bado mwilini na kukuonyesha mistari miwili ya uongo. Damu hupimwa siku 9 hadi 14 baada ya kupandikiza, na mara nyingi hurudiwa baada ya saa 48 kuona kama homoni inapanda.

Ikiwa ni chanya, ultrasaundi ya wiki ya sita au ya saba ni lazima, hata kama unajisikia vizuri, maana mara chache kiinitete kilichowekwa ndani huhamia kwenye mrija. Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia kabla ya siku hiyo ni safari ya hospitali iliyo karibu nawe, usisubiri kliniki yako. Projesteroni huendelea hadi takriban wiki ya 10 au 12. Na tarehe ya kujifungua utaihesabu mwenyewe: siku ya kupandikizwa kiinitete cha siku tano, ongeza siku 261.

Ikiwa ni hasi, acha projesteroni ukishaambiwa, na hedhi itakuja ndani ya siku chache, pengine nzito kuliko kawaida. Njooni wote wawili baada ya hapo, mkiwa na maswali manne kwenye daftari. Mayai yaliyopevuka yalikuwa mangapi? Yaliyorutubishwa mangapi? Vilivyofika siku ya tano vingapi, na ubora wake? Utando ulikuwa milimita ngapi? Majibu yake ndiyo yataonyesha palipokwama, kama ni kwenye dawa, kwenye mbegu, kwenye mayai au kwenye mji wa mimba, na kliniki isiyoweza kukujibu hayo manne, omba nakala ya faili lako uende nayo kwingine. Faili ni lako.